Pakanga Yetu Imeng'olewa

Kwa Bibi Tulinagwe,
Kisondela,
kwa mkono wa Mwalimu Leah,
S.L.P. Tukuyu.

11 Juni 1993

Mpendwa mjukuu wangu Tupokigwe, mke mwenzangu uliyenikimbia,

Miaka minne! Nasema minne, na Mwalimu Leah anayeniandikia barua hii amehesabu naye akaona ni kweli. Ulisema unamfuata mumeo Mwanza, utarudi Krismasi. Krismasi ipi? Zimepita nne. Kila moja nakuwekea jogoo, kila mwaka jogoo anazeeka akikungoja, mwisho tunamla sisi wenye meno mabovu. Treni iliyokuchukua ukiwa umekaa haiwezi kukurudisha ukiwa umekaa? Au huko ziwani mmefungwa kamba kama mbuzi?

Haya, nimeshakugombeza, sasa nakusalimia. Ugonile, mwanangu? Umeamka salama wewe na wa nyumbani mwako? Samson hajambo? Bado anakoroma? Na Janeth wetu ameota meno mangapi? Picha uliyotuma nimeiona. Ana paji la uso la babu yako Anyelwisye, marehemu. Babu yako hakuwa mtu mzuri wa sura, nisikudanganye, lakini alikuwa na mikono mizuri, kwa hiyo mtazame mtoto mikono.

Mimi ni mzima. Goti la kushoto linajua mvua kabla ya mawingu, na huku mvua haiishi, kwa hiyo goti halipumziki. Juni hii ukungu unaingia mpaka chini ya kitanda. Ng'ombe wako wawili hawajambo. Migomba imezaa vizuri, mkungu mmoja umevunja nguzo yake ukaangukia bata. Huyo bata alikuwa mnene, tulimla na ndizi za mbalaga nikakutaja jina.

Basi. Salamu zimetosha. Sasa kaa chini, maana nina jambo, na jambo lenyewe linanitia kichefuchefu mpaka leo nikilisema.

Pakanga imekwisha.

Ile pakanga yetu, iliyozunguka kaburi la babu yako mpaka kwenye migomba. Ile niliyokunywesha ukiwa na kifua, ukanitemea yote usoni, nikajifuta, nikakunywesha tena. Hakuna hata shina. Ukisimama mlangoni sasa unaliona kaburi lote likiwa uchi, kama mtu aliyenyang'anywa blanketi.

Nikueleze nilivyoipata, maana hili sikuwahi kukueleza lote. Nilikuja nayo kutoka Matwebe siku ya kuolewa. Wenzangu walikuja na vyungu na mikeka. Mimi mama yangu alinipa vitu hivyo, na mwisho kabisa, nikiwa nimeshavuka kizingiti, akanipa vijiti vitatu vya pakanga ndani ya gamba la mgomba. Hakusema neno. Mimi nikapokea kwa mikono miwili, sikusema neno, nikageuka nikaenda.

Ndivyo inavyopewa. Asiyejua ataona ni ukosefu wa adabu, maana sisi ni watu wa ndaga. Mtu akikupisha njiani, ndaga; akikupa maji, ndaga fijo. Lakini pakanga haisemewi ndaga. Mama alisema ukishukuru umefunga mlango, yamekwisha, kila mtu kwake. Pakanga inataka mlango ubaki wazi, ili siku aliyekupa akipungukiwa aweze kuja kwako bila kubisha hodi.

Mwalimu Leah ni mtu wa Singida, nilimpa shina mwaka ule alipohamishiwa hapa. Akasema asante sana bibi, asante, Mungu akubariki, asante sana. Mara tatu! Haikumaliza mwezi. Yeye anasema ni mbuzi aliyeila. Nimemwambia aandike hivyo hivyo: yeye anasema ni mbuzi.

Na kuipanda kwenyewe si mchezo katika nchi hii ya maji. Pakanga haipendi kukaa na miguu ndani ya matope. Ilibidi nibebe kwa kikapu vile vijiwe vyepesi, vile ambavyo ukivitupa mtoni vinaelea, nikajenga tuta, nikachanganya na majivu, nikapanda juu yake. Wakwe zangu walinicheka, eti bibi harusi anapanda mawe. Baadaye hao hao walipokuwa na mafua nani alikuwa anagonga mlango wangu? Majani matatu kwenye chungu, unafunika kichwa kwa kitenge, unavuta mvuke. Kwa minyoo unakunywa. Maharage ukiyaweka ghalani unaweka matawi katikati, mdudu haingii. Kuku akiatamia unamwekea chini yake, viroboto wanahama. Watu wa Kisondela yote waliipata kwangu, mmoja mmoja, na hakuna aliyesema ndaga, na kwa wote ilishika.

Sasa sikiliza uchafu ulivyoingia.

Mwezi wa tatu, Jumapili, tunatoka kanisani, tukakuta pikapu nyeupe na mwanamume anaitwa Fred, kutoka Mbeya mjini. Amevaa viatu ambavyo havijawahi kukanyaga tope. Amesimama na kijiti cha pakanga mkononi anakinusa kama mtu anayenusa nyama buchani.

Akasema, "Mama zangu, hii mnayoizungushia nyumba ni mali. Wazungu wanaitafuta. Nileteeni majani, nitayapima kwa kilo."

Nikamwambia, "Baba, nunua ndizi. Hiyo haiuzwi."

Akacheka. "Bibi, mambo ya zamani hayo. Sasa ni soko huria, kila kitu kinauzwa."

"Na mama yako?" nikamuuliza. "Yeye ni kilo ngapi?"

Watu walicheka, mjukuu wangu, walicheka mpaka mzee wa kanisa Nsajigwa akashika ukuta. Lakini nilitazama macho yao. Midomo ilikuwa inacheka na mimi, macho yalikuwa kwenye mizani ya Fred.

Kesho yake, kijiji kizima kikaingia kwenye pakanga. Na wameichumaje? Kama chai! Majani mawili na kichipukizi, vidole haraka haraka, kapu mgongoni. Walikuwa wanashindana. Watu wa chai ukiwaambia majani, akili yao inaenda kwenye chai. Wakayashindilia mabichi kwenye magunia, wakayapeleka pale kwenye banda la kupimia chai, wakayapanga vizuri, wakaondoka. Maana lori la chai huja siku hiyo hiyo, si ndivyo? Fred alikuja siku ya nne.

Mimi nilikwenda kutazama, mguu wangu huu mbovu, nikasema lazima nione. Nikasikia uvundo kabla sijafika kwenye kona. Pakanga hai inasafisha pua. Ile iliyooza, ee Mungu wangu, inaingia puani na kukaa. Ni kama mtu amechemsha dawa pamoja na panya. Magunia yalikuwa ya moto kama tumbo la ng'ombe mgonjwa. Nsajigwa akaingiza mkono ndani ili aonyeshe mzigo wake ni mzuri, akautoa umejaa ute mweusi unaovutika kama kamasi. Alisimama pale ameunyoosha mkono mbali na mwili wake, hajui pa kuupeleka. Mkono wa mzee wa kanisa!

Fred akaziba pua kwa leso. "Hii ni takataka! Nilisema majani makavu!"

Nsajigwa akamjibu, "Ulisema majani. Chai nayo ni majani. Umewahi kuona sisi tunapeleka chai kavu?"

"Hii si chai, mzee."

"Sasa mbona hukusema si chai?"

Wakabishana hivyo huku inzi wanajaa. Mwisho Fred akapanda gari lake akasema atarudi, wakaushe. Magunia wakayamwaga kijitoni. Siku mbili ng'ombe walikataa maji. Wanafika, wananusa, wanatutazama sisi. Nilimwona ng'ombe akinitazama, nikaona haya kama mimi ndiye niliyemwaga.

Ungefikiri wamejifunza. Aka! Kukausha kitu Rungwe mwezi wa nne, wewe unajua, ni kumkausha samaki ndani ya mto. Wakateremka na majani mpaka barabara ya lami, kila jua likichungulia kidogo wanamwaga pale pembeni. Malori ya Malawi yanapita juu yake. Mbuzi wanalala juu yake na kufanya ya mbuzi. Mvua inakuja, wanakusanya kwa fagio, majani, mchanga, vipande vya lami, mavi ya mbuzi, vyote ndani ya gunia. Kesho wanamwaga tena. Dawa, mjukuu wangu! Kitu tulichokuwa tunachuma baada ya kunawa mikono!

Na jani likikauka halina uzito. Hilo nalo walikuwa hawajalifikiria. Gunia zima unalinyanyua kwa kidole. Ndipo mtu mmoja akaanza kukata na mashina, mwingine akang'oa na mizizi, mwingine akaacha na udongo wake kwenye mizizi. Mizani haioni.

Mimi yangu walikuwa hawajaigusa. Nilikaa mlangoni na fimbo, wakapita mbali. Kisha dada yangu wa Nkunga akafariki, yule aliyekuwa anakupa mahindi ya kuchoma. Nikaenda kwenye msiba, nikakaa siku nne. Nilimwachia nyumba Obed.

Baba yako mdogo Obed. Mtoto wangu mwenyewe, kitinda mimba, niliyemnyonyesha mpaka majirani wakasema.

Siku ya kurudi, nikifika pale kwenye mparachichi huwa harufu ya pakanga inanipokea. Miaka yote, hata nikiwa nimechoka vipi, inakuja kunipokea kama mtoto. Siku hiyo haikuja. Nikasema labda ni mafua. Nikatembea tena. Nikafika uani. Mashimo, Tupokigwe. Mashimo kulizunguka kaburi lote, yamejaa maji ya mvua, kama ufizi wa mtu aliyeng'olewa meno yote siku moja. Hata vile vijiwe vyangu vimetawanyika.

Obed alikuwa ndani, anakula kiazi.

Nikamwuliza, "Nani amefukua kaburi la baba yako?"

"Sijagusa kaburi, mama. Ni majani tu."

"Majani yanaacha mashimo?"

"Fred amesema anachukua na mizizi. Wote wameuza, mama, ningebaki mimi tu mjinga? Itaota tena. Si ni magugu tu?"

Magugu! Nilitema mate chini, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kitu ambacho sijawahi kufanya. Nikamwambia, "Ulipozaliwa ulikuwa na kifua kama filimbi iliyopasuka. Nilikaa nawe juu ya mvuke wa hayo magugu mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Ningejua, ningekufukiza kwa nyasi."

Akakirudisha kiazi chake kwenye sahani.

Na unajua Fred alimpa nini? Redio. Redio ndogo, haina betri. Iko juu ya kabati lake inatutazama. Fred mwenyewe hajaonekana tena tangu siku hiyo, na viatu vyake.

Usifikiri sijui kwa nini mwanangu alifanya vile. Najua. Siku hizi shule ni mchango, zahanati ni mchango, mbolea haishikiki, chama cha ushirika kimelala usingizi ambao hata tarumbeta haliamshi. Mtu akiona pikapu nyeupe anafikiri ni malaika. Hayo yote najua. Lakini njaa ni njaa na uchafu ni uchafu, na mimi sikumlea mtu asiyeweza kutofautisha.

Ngoja, bado hujasikia mwisho wake. Mwezi uliopita Felista, mke wa Obed, alikwenda sokoni Tukuyu. Mtoto wao ana kikohozi. Akarudi na pakiti ya nailoni, ina karatasi yenye maandishi. Mwalimu Leah akatusomea: dawa ya kifua, minyoo, presha, mvuto wa mapenzi na kufaulu mitihani, imetengenezwa kwa utaalamu wa mababu. Nikasema, mababu gani? Babu wa hapa amelala pale nje, hakutengeneza kitu.

Nikaichukua. Nikaimwaga kwenye ungo. Vijiti vyeusi, vumbi, manyoya ya mbuzi. Nikainusa. Kwanza nikasikia dizeli. Kisha ule uvundo wa banda la chai. Kisha huko chini kabisa, mbali, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya bonde, nikaisikia pakanga. Nikapekua kwa kidole, nikatoa kipande cha lami, cheusi, kidogo kama punje ya harage. Nikakiweka kwenye kiganja cha Obed.

Nikamwambia, "Hii hapa. Imerudi nyumbani. Mpe mwanao anywe."

Felista alikuwa ameshachemsha kijiko kimoja, sufuria iko jikoni. Obed aliitazama sufuria, akatazama kile kipande mkononi. Akachukua sufuria, akachukua ungo na pakiti, akaenda navyo chooni akamwaga vyote. Tukamsikia huko nyuma anatapika. Mtoto alipelekwa zahanati akapewa dawa, hajambo sasa, anakimbiza bata waliobaki.

Tangu siku hiyo sijamwambia Obed neno baya. Sikuwa na haja.

Lakini wiki iliyofuata mke wa Hezron, jirani wa bondeni, alikuja na mtoto mchanga, pua imeziba, hawezi kunyonya. Amesimama mlangoni kwangu kama mama yake alivyosimama, kama bibi yake alivyosimama. Na mimi sina. Nimekaa nyumba hii tangu nikiwa na matiti yaliyosimama, sijawahi kumwambia mtu sina. Nikamwambia nenda zahanati, akaenda, walimsaidia, Mungu ni mwema. Ila alipogeuka alitazama pale kaburini, akaona mashimo, akainamisha macho haraka, kama mtu aliyeniona nikiwa uchi. Usiku huo sikula.

Obed amezunguka kwa wote niliowapa. Kwa Nsajigwa, mashimo. Kwa mke wa Hezron, mashimo. Kwa mchungaji, mashimo, naye ameyapandia kabichi juu. Akapanda mpaka mlimani akaniletea ya porini. Nimeinusa: ni binamu yake, si yeye. Ina harufu ya beberu. Nimempa bata alalie.

Kwa hiyo imebaki ya mtu mmoja tu niliyempa, na mtu huyo ni wewe.

Unakumbuka? Stendi, siku ile unaondoka, mumeo anahangaika na mabegi. Nilikuwekea mapajani lile kopo la maziwa ya unga lenye shina moja na vijiwe vyangu ndani. Sikusema neno. Wewe ukalishika kwa mikono miwili, ukageuza uso dirishani, hukusema neno, hukutazama nyuma. Samson masikini akauliza, "Mmegombana na bibi?" Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani. Kucheka huko kulikuwa na machozi, lakini hayo yananihusu mimi.

Sasa nakuuliza, na ndiyo sababu ya barua hii yote: ipo? Uliipanda? Inaishi huko kwenye joto?

Niambie ukweli. Kama imekufa, andika kwamba imekufa. Usinidanganye, usiende sokoni kuninunulia nyingine ili nisiumie, maana nitaijua kwa pua kabla hujashuka kwenye gari, na hapo ndipo nitaumia. Na kama imekufa, njoo vile vile. Njoo mikono mitupu. Mimi nilikuzaa mara ya pili mama yako alipokufa, sikukuzaa kwa ajili ya kijiti. Nitakukasirikia siku moja, ya pili nitakupikia.

Lakini kama ipo, sikiliza. Chagua matawi ambayo hayajatoa maua, unene wa penseli ya Mwalimu. Kata chini ya kifundo. Toa majani ya chini, acha ya juu machache. Funga kwa kitambaa chenye maji, kisha gamba la mgomba kama huko lipo. Usifunge na nailoni! Itapata joto, itaoza, na ute ule nimeshauona, sitaki kuuona tena mpaka nife. Kwenye treni usiiweke juu kwenye mizigo, ipakate. Chukua vijiti vitatu, kama nilivyopewa mimi. Shina mama liache kwako, usiling'oe. Na kama una mimba nyingine usiinywe hata tone, unuse tu. Na kama una mimba nyingine, mbona sijaambiwa?

Obed amejenga tuta jipya. Sikumwambia. Nilimwona asubuhi moja anapanda kutoka mtoni na kikapu cha vijiwe vyepesi mgongoni, mtu mzima, watu wanamcheka njiani, naye hajibu. Amelijenga pale pale, kichwani pa baba yake, amechanganya majivu, amelichimbia mfereji pembeni ili maji yapite. Tuta liko tupu. Kila baada ya mvua anakwenda kulitengeneza, kisha anapita mlangoni kwangu anauliza, "Mama, Mwanza wameandika?" Namjibu, "Kwanza na sisi tuandike." Ndiyo maana leo nimemwita Mwalimu.

Msalimie sana Samson, mwambie akuruhusu, na akikataa aniandikie mimi mwenyewe sababu yake. Mbusu Janeth kwenye lile paji la babu yake. Felista anakusalimu, na watoto wake wote. Nsajigwa anakusalimu, mkono wake umepona harufu ila bado anaunusa akifikiri hatumwoni. Mwalimu Leah anakusalimu naye, anasema vidole vimekufa ganzi, nitampa ndizi.

Mungu aliyekuvusha nchi yote ile na kopo mapajani akulinde wewe na nyumba yako. Akupe maziwa, usingizi na majirani wasiosema sana. Akufungulie na njia ya kuja huku, maana njia ya kwenda huko aliifungua mpaka ikapitiliza.

Ni mimi nikupendaye kuliko unavyostahili,
bibi yako,
Tulinagwe.

Mwalimu alikuwa ameshakunja karatasi, nimemwambia aikunjue, kuna moja limebaki. Siku utakayokuja, ukifika uani usinipe mimi vile vijiti. Mimi ni mzee, nikiishika tena nitakufa nayo. Mpe Obed, mkononi, wala usimwambie kitu. Mimi nitasimama mlangoni niutazame mdomo wake.